Nafsi Kabla ya Maabara

Vitabu vingi vya saikolojia vinavyosomwa vyuoni huanza hesabu mwaka 1879, pale Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake katika Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani. Kabla ya hapo mwanafunzi hupewa aya mbili tatu juu ya Wagiriki, kisha hurushwa hadi kwa Descartes, karne ya 17. Katika mruko huo hupotea zaidi ya miaka elfu moja, kana kwamba watu wa Zama za Kati hawakuwahi kujiuliza kwa nini mtu huogopa, husahau, hupenda hadi akaugua, au huona lisilokuwepo. Walijiuliza, tena sana. Majibu yao mengi yalikosea. Lakini wao ndio waliochora ramani ya eneo ambalo saikolojia inalilima hadi leo: ile nafasi iliyo kati ya jicho linaloona na akili inayojenga hoja, mahali ambapo hofu, tamaa, kumbukumbu na mazoea hufanya kazi bila kutuomba ruhusa.

Walirithi ugomvi. Aristotle alikuwa amefundisha kwamba nafsi ndiyo inayoufanya mwili uwe hai, na kwamba makao makuu ya hisi yamo moyoni. Galen, tabibu wa karne ya 2 aliyeanza kwa kuwatibu wapiganaji wa uwanjani kule Pergamon, alimkata nguruwe mishipa ya fahamu ya koo mbele ya watu, na nguruwe aliyekuwa akipiga kelele akanyamaza papo hapo. Kwa Galen, basi, mtawala ni ubongo. Katika karne ya 4 Nemesius, askofu wa Emesa, yaani Homs ya leo nchini Syria, aligawa kazi ndani ya ubongo huo kwa kufuata vyumba vyake vyenye majimaji: taswira mbele, fikra katikati, kumbukumbu nyuma. Mgawanyo huo ulidumu zaidi ya miaka elfu moja.

Karibu na wakati huohuo, Mwafrika wa Kaskazini alikuwa akichunguza jambo jingine kwa njia nyingine kabisa. Augustine, aliyezaliwa mwaka 354 Thagaste katika Algeria ya leo, hakupasua mnyama yeyote. Alijitazama. Katika kitabu cha kumi cha Maungamo anaizunguka kumbukumbu yake na kushangazwa na anayoyakuta humo. Inakuwaje nakumbuka huzuni ya zamani nami sasa nina furaha? Nikikumbuka kwamba nimesahau, ni nini hasa kilichomo kichwani mwangu: kumbukumbu au usahaulifu? Maswali hayo si ya padri anayetafuta mahubiri. Ni uchunguzi wa mtu aliyegundua kwamba nafsi yake mwenyewe ni nchi asiyoijua vizuri.

Urithi wa Kigiriki ulipata maisha mapya Baghdad. Katika karne ya 9 Hunayn ibn Ishaq, tabibu Mkristo wa Kiarabu, pamoja na mwanawe Ishaq na wenzao, walihamishia katika Kiarabu vitabu vya Galen kwa makumi, na vya Aristotle pia. Al-Kindi, mwanafalsafa wa mji huohuo, aliandika risala juu ya namna ya kuondoa huzuni na nyingine juu ya usingizi na ndoto. Kutoka hapo mjadala ukasambaa hadi Asia ya Kati, na ndiko alikotokea mtu ninayemwona kuwa kilele cha habari hii yote.

Ibn Sina alizaliwa mwaka 980 karibu na Bukhara, akafariki Hamadan mwaka 1037, baada ya maisha ya uwaziri, kifungo, kukimbia kutoka mji hadi mji na kuandika usiku. Ndani ya kitabu chake kikubwa cha falsafa, al-Shifa, kuna sehemu nzima ya nafsi, na mapema humo anatutaka tumfikirie mtu aliyeumbwa mara moja, mzima na kamili, aliyening'inia hewani. Macho yake yamefunikwa. Kiungo hakigusi kiungo, na hata hewa haimpapasi. Hajui kama ana mikono, wala moyo, wala ubongo. Je, atajua kwamba yupo? Atajua, anasema Ibn Sina, na kutokana na hilo anataka tukubali kwamba nafsi si mwili. Hapo hoja inateleza, kwa kuwa mtu anaweza kujitambua vizuri bila kujua ameumbwa kwa kitu gani. Hata hivyo alikuwa ametenga jambo ambalo hakuna aliyelitenga kwa uwazi kiasi hicho: kujitambua kwenyewe, kukiwa kumevuliwa hisi zote.

Cha thamani zaidi ni maelezo yake kuhusu hisi za ndani. Kondoo anamwona mbwa mwitu. Macho yanamletea rangi, umbo na mwendo, basi. Uadui hauna rangi wala umbo, na kondoo hana akili ya kujenga hoja kwamba wanyama wa namna hii hula wanyama wa namna yangu. Lakini anakimbia. Nani kamwambia? Ibn Sina akajibu kwamba lazima iwepo nguvu ya nafsi iliyo juu ya hisi na chini ya akili, inayosoma maana iliyomo ndani ya vitu: huyu ni wa kukimbiwa, huyu mwana wangu ni wa kuhurumiwa. Nguvu hiyo aliiita wahm. Akaipanga pamoja na nyingine nne. Ipo hisi ya pamoja inayounganisha yanayotoka machoni, masikioni na kwingineko. Ipo hifadhi ya taswira. Ipo nguvu ya kuziunga na kuzitenganisha taswira hizo, ndiyo inayotuwezesha kuwaza farasi mwenye mabawa. Na ipo kumbukumbu inayohifadhi zile maana zilizosomwa na wahm. Kila moja aliipa makao yake ubongoni, kwa kuufuata mgawanyo wa vyumba.

Hakuishia kwenye silika. Mbwa aliyewahi kupigwa kwa fimbo, anasema, huogopa akiona fimbo tu, kwa sababu taswira ya fimbo na maana ya maumivu zimeshikamana katika kumbukumbu yake. Mtu anayejua fika kwamba kilicho mbele yake ni asali anaweza kuchefukwa kwa kuwa rangi yake inafanana na nyongo. Akili inakanusha, na bado tumbo linakataa. Kisha unakuja mfano ninaouona kuwa bora kuliko yote. Weka ubao chini, mtu atatembea juu yake bila wasiwasi. Uweke ubao huohuo kama daraja juu ya shimo refu, na mtu yuleyule atatambaa au atagoma kabisa, kwa sababu taswira ya kuanguka imeutawala mwili wake. Upana wa ubao haujabadilika. Kilichobadilika ni alichokiona ndani, nacho kimefika hadi miguuni. Ibn Sina, ambaye alikuwa tabibu pia, anaendelea papo hapo kusema kwamba mgonjwa anayeamini kwa dhati kuwa atapona mara nyingi hupona, na mzima anayejiaminisha ugonjwa huweza kuugua.

Wakati huohuo, Kairo, Ibn al-Haytham wa Basra alikuwa akiandika Kitab al-Manazir, kitabu kikubwa cha macho na mwanga. Wengi humsifu kwa fizikia yake, na sifa ni ya haki, lakini sehemu ya pili ya kitabu hicho ni saikolojia tupu. Hisi peke yake, anasema, hutupa mwanga na rangi tu. Umbali, ukubwa, mwendo, kufanana, hata uzuri, hupatikana kwa kulinganisha na kukata shauri, na shauri hilo hukatwa upesi mno hata mwenye kuona hajui kwamba amelikata. Ndiyo maana mwezi ukichomoza huonekana mkubwa kuliko ukiwa juu angani, ingawa hakuna kilichoongezeka. Wazo hilohilo, kwamba kuona ni kukisia bila kujua, ndilo lililompa sifa mwanasayansi Hermann von Helmholtz katika karne ya 19.

Tugeukie wagonjwa, maana nafsi haikuwa mada ya darasani pekee. Abu Zayd al-Balkhi, mwanajiografia na mwanafunzi wa al-Kindi aliyefariki mwaka 934 katika eneo ambalo sasa ni Afghanistan, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, sehemu moja juu ya mwili na nyingine juu ya nafsi. Anawalaumu matabibu wa zama zake kwa kuishughulikia damu na nyongo na kuiacha nafsi bila dawa. Tena anatoa hoja nzito: mtu anaweza kuishi miaka mingi bila ugonjwa wa mwili, ila hakuna anayepita maisha bila hofu, hasira, huzuni au wasiwasi kumfikia. Huzuni anaigawa mara mbili. Ipo yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali, na dawa yake ni maneno: ya mtu mwenyewe kwa nafsi yake, na ya wengine kwake. Ipo isiyo na sababu inayoonekana, mtu anasononeka tu wala hawezi kueleza, na hiyo Balkhi aliihusisha na damu, kwa hiyo itibiwe kupitia mwili. Anashauri pia kwamba mtu akiwa mzima ajiwekee akiba ya fikra za kumtuliza, ili siku ya mtikisiko asianze kuzitafuta.

Malik Badri, mwanasaikolojia wa Sudan aliyejitahidi sana kumrudisha Balkhi kwa wasomaji wa leo, alimwita mwanzilishi wa tiba ya utambuzi na tabia. Ninaielewa shauku hiyo, na ninamshukuru kwa kazi yake, lakini jina hilo linampunguzia Balkhi hadhi badala ya kumwongezea. Balkhi hakuwa akiandika itifaki ya vikao na kupima matokeo kwa dodoso. Alikuwa akiandika katika ulimwengu ambamo afya ya nafsi, adabu na ibada vilikaa nyumba moja. Tukimvika koti la kliniki ya kisasa, tunaacha kumsikia anaposema jambo ambalo kliniki hiyo hailisemi.

Tahadhari hiyo inahusu hospitali pia. Bimaristani za Baghdad, Damascus na Kairo zilipokea wagonjwa wa akili karne nyingi kabla ya hospitali ya namna hiyo kufunguliwa Valencia, Hispania, mwaka 1410. Hiyo ni fahari ya kweli. Lakini Benyamini wa Tudela, msafiri Myahudi aliyefika Baghdad katika karne ya 12, anaeleza kwamba wagonjwa hao walifungwa minyororo ya chuma hadi akili ziwarudie, na maofisa walikuja kila mwezi kuwachunguza na kuwaachia waliopona. Huruma na mnyororo vilikuwa chini ya paa moja. Anayetaka kuandika historia hii kwa uaminifu aviandike vyote viwili.

Kule Kairouan, Tunisia ya leo, tabibu Ishaq ibn Imran aliandika risala juu ya melankolia, yaani maradhi ya huzuni nzito, na kutaja miongoni mwa vyanzo vyake kufiwa na watoto na, kwa wanazuoni, kupoteza vitabu. Na katika al-Qanun, kitabu chake cha tiba, Ibn Sina anaeleza jinsi ya kumgundua mgonjwa wa mapenzi anayeficha jina la ampendaye: mshike mshipa wa mkono, taja majina, mitaa na nyumba, na angalia mapigo yanabadilika wapi. Galen alikuwa amefanya jambo linalokaribia hilo kabla yake. Msingi wake ni uleule wa ubao juu ya shimo, yaani jambo la ndani huacha alama mwilini, na alama hiyo husomeka.

Imam Ghazali aliyapitia haya katika mwili wake. Mwezi Julai 1095 alikuwa mwalimu mkuu wa chuo cha Nizamiyya cha Baghdad, na wanafunzi kwa mamia walikaa mbele yake. Siku moja ulimi ukakataa. Alitaka kufundisha na neno halikutoka. Chakula kikawa hakipiti kooni. Matabibu wakasema shida imeanzia moyoni na kutoka huko kuingia mwilini, hivyo hakuna dawa mpaka moyo utulie. Miezi michache baadaye aliacha kazi na heshima yake yote na kuondoka mjini. Amelieleza hilo mwenyewe, kwa uwazi ambao ni adimu kwa mtu wa cheo chake.

Ihya Ulum al-Din, kitabu chake chenye sehemu 40, kimejaa saikolojia ya mazoea. Tabia kwake ni hali iliyokita nafsini ambayo vitendo hutoka humo kwa wepesi, bila kufikiri. Anayetaka kuwa mkarimu na atoe, hata kama kutoa kunamuuma, maana mwenye kuiga mwandiko mzuri kila siku mwisho mwandiko huo huwa wake. Kitendo hujenga nafsi, na nafsi huzaa kitendo. Ghazali huyo ndiye aliyewashambulia wanafalsafa katika kitabu chake kingine, Tahafut, na hata hivyo ramani yake ya nguvu za nafsi aliichukua kwa sehemu kubwa kwa Ibn Sina. Masharifu wa Hadhramaut, walioienzi mno Ihya, walikuja nayo katika pwani yetu, Lamu, Zanzibar na Komoro, na imesomwa katika darasa za misikiti huko. Kwa hiyo sehemu ya falsafa hii ya nafsi iliwafikia wazee wetu kwa mlango wa dini, muda mrefu kabla ya idara yoyote ya saikolojia kufunguliwa Afrika Mashariki.

Ulaya ya Kilatini iliipata kwa tafsiri. Toledo, kati ya mwaka 1152 na 1166, Myahudi aliyeitwa Avendauth aliisoma sehemu ya nafsi ya al-Shifa kwa Kiarabu na kuitoa neno kwa neno katika lugha ya mtaani, na padri Dominicus Gundissalinus akaiandika kwa Kilatini. Nikiiwazia kazi hiyo, kitabu cha Mwislamu mikononi mwa Myahudi na Mkristo, naona moja ya matendo makubwa ya fikra katika historia. Karne moja baadaye kondoo na mbwa mwitu walikuwa Paris, katika mihadhara ya Albertus Magnus na mwanafunzi wake Thomas Aquinas.

Aquinas, aliyeishi 1225 hadi 1274, alifanya kwa hisia za moyo kile ambacho Ibn Sina alikifanya kwa hisi za ndani. Katika Summa Theologiae anatumia maswali 27 kuzichambua na kuzipanga 11. Sita huamshwa na jema au baya tupu: upendo na chuki, tamaa na karaha, furaha na huzuni. Tano huamka pale jema au baya hilo linapokuwa gumu: tumaini na kukata tamaa, ujasiri na hofu, na hasira. Hisia kwake si dhambi wala ugonjwa. Ni mwendo wa nafsi na mwili kwa pamoja, unaoweza kuwa mwema au mbaya kulingana na unavyoongozwa. Na anapofika kwenye dawa za huzuni, mwanateolojia huyu mzito anataja raha, machozi, huruma ya marafiki, kuutafakari ukweli, halafu usingizi na kuoga. Machozi husaidia, anasema, kwa kuwa linaloumiza huumiza zaidi likifungiwa ndani. Rafiki husaidia kwa sababu mtu, akimwona mwenzake akihuzunika naye, hutambua kwamba anapendwa.

Ugomvi mkali zaidi wa karne hiyo ya 13 ulimhusu mwanafalsafa Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1198. Katika ufafanuzi wake mrefu wa Aristotle alifikia wazo kwamba akili inayopokea maarifa ni moja kwa wanadamu wote, na kila mtu huichangia taswira zake tu. Mwaka 1270 Aquinas aliandika kitabu kizima kulipinga. Hoja yake kuu ni nyepesi kueleza na ngumu kuikwepa: ikiwa ni hivyo, basi hatuwezi kusema kwamba mtu huyu anafikiri, tutasema kwamba kuna fikra inayopita ndani yake. Mwaka huohuo askofu wa Paris, Étienne Tempier, aliiorodhesha rai hiyo kati ya zilizopigwa marufuku, na mwaka 1277 akapanua orodha hadi rai 219. Marufuku hayakujibu swali la nani hasa mwenye fikra.

Udhaifu wa wanazuoni hawa ni wazi. Hawakupima. Ibn al-Haytham alifanya majaribio, lakini kwa sehemu kubwa wengine walihoji kitabu kwa kitabu, na vyumba vya ubongo vikarudiwa karne baada ya karne pasipo mtu wa kuvihakiki. Mwaka 1543 mwanaanatomia Andreas Vesalius alionyesha kwamba vyumba hivyo havitofautiani sana kati ya mtu na wanyama, hivyo haviwezi kuwa siri ya akili ya binadamu. Sauti za wanawake ni chache mno. Hildegard wa Bingen, mtawa wa Ujerumani wa karne ya 12 ambaye kazi ya tiba inayobeba jina lake inaieleza melankolia ya wanaume mbali na ya wanawake, anasimama karibu peke yake.

Pamoja na hayo, uzi haukukatika. Mwaka 1538 Juan Luis Vives wa Valencia aliandika kwamba tusijisumbue na nafsi ni nini, tuchunguze inafanya nini. Na mwaka 1874, Franz Brentano, aliyekuwa padri na mwanafunzi mkubwa wa Aristotle, alichapisha kitabu cha saikolojia kilichodai kwamba kila tukio la nafsi huelekea kwenye kitu: kuogopa ni kuogopa jambo, kupenda ni kumpenda fulani. Alisema waziwazi kwamba wazo hilo ni la wanazuoni wa Zama za Kati. Nao walikuwa wakitumia msamiati uliotoka Toledo, ulioundwa kufasiri zile maana ambazo kondoo wa Ibn Sina huzisoma. Miongoni mwa waliomsikiliza Brentano Vienna miaka hiyo alikuwa kijana Sigmund Freud, na baada yake Edmund Husserl.

Balkhi hakubahatika hivyo. Kitabu chake hakikupata tafsiri ya Kilatini. Kilibaki hati ya mkono katika maktaba ya Ayasofya, Istanbul, hadi mwanahistoria Fuat Sezgin alipochapisha nakala ya picha zake Frankfurt mwaka 1984, na tafsiri ya Kiingereza ya sehemu ya nafsi ilitoka mwaka 2013. Mwishoni mwa karne ya 19 na katika karne ya 20, madaktari wa Ulaya walipoanza kutenganisha sonona inayozuka ndani ya mwili na ile inayoletwa na mambo ya maisha, waliufikia mpaka huo kwa juhudi zao wenyewe, bila kujua kwamba mwanajiografia wa Balkh alikuwa ameshauchora.